Gari halikunyeshewa, kutu imetoka wapi?

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa kwa fundi bodi mmoja huku Arusha, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu kulikuwa na Peugeot 504 nyeupe, na mwenye nayo, mzee wa rika la baba yangu, amesimama pembeni mikono nyuma. Fundi akafunua kapeti la upande wa dereva, akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye sakafu ya gari, pale kisigino cha dereva kinapokaa. Bisibisi ikapita mpaka chini. Hakusukuma kwa nguvu. Ilizama kama kisu kwenye papai lililoiva.

"Lakini hili gari lilikuwa ndani," mzee akasema. "Tangu mwezi wa tatu halijanyeshewa hata tone. Nilinunua turubai jipya, nikalifunika mwenyewe mpaka kwenye matairi. Sasa hiyo kutu imetoka wapi?"

Fundi akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, imetoka humohumo chini ya turubai."

Sakafu ya gari haiozi kwa masika moja, na fundi alimweleza hivyo. Ilikuwa imeanza kuliwa miaka ya nyuma, na kila mwaka gari lilipofungiwa ikaongezewa. Ila jibu lake lilimwacha mzee ameduwaa, na najua si yeye peke yake. Tangu tamasha la Land Rover lilipofanyika hapa Arusha Oktoba 2024, mazungumzo ya magari ya zamani yamepamba moto: huyu anafufua Land Rover ya marehemu baba yake, yule ameibua Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokaa stoo miaka nenda rudi. Masika yakikaribia, ushauri wa kuhifadhi magari unaanza kuzunguka kwenye simu, na mwingi umechukuliwa kwa wenzetu wa Ulaya wanaoficha magari yao wakati wa theluji. Wao wanakimbia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi mjini hatuna theluji wala hiyo chumvi. Tuna masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano, na kabla udongo haujakauka vizuri kipupwe kinaingia, ukungu unashuka kutoka Mlima Meru, na kuna siku jua halionekani mpaka mchana. Ni miezi mitano au sita mfululizo ya unyevu. Moshi mjini kuna joto zaidi kwa kuwa kuko chini, lakini ukipanda Kibosho, Machame au Marangu utakuta mambo ni yaleyale.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo watu wanapopishana. Unyevu ni maji yaliyomo hewani bila kuonekana. Umande ni maji hayohayo yakishatua juu ya kitu cha baridi na kuwa matone. Kutu ni chuma kilichobadilika baada ya kukutana na maji na hewa kwa wakati mmoja. Kimojawapo kikikosekana, kutu haiendelei. Na ukungu, neno letu hili lina kazi mbili: kuna ule unaofunika barabara ya Ngaramtoni asubuhi, na kuna ule unaoota kwenye siti na usukani kama unga wa kijivu. Kwa gari lililofungiwa, wa kwanza ndio unaouleta wa pili.

Hewa inavyoshiba

Ichukulie hewa kama kitu chenye tumbo. Hewa ya joto ina tumbo kubwa, hewa ya baridi ina tumbo dogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 22 inaweza kubeba gramu 19 hivi za maji. Hewa hiyohiyo ikipoa mpaka nyuzi 12, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi. Tukisema unyevu wa hewa ni asilimia 100, maana yake hewa imeshiba, na ikipoa zaidi ya hapo lazima itapike. Hivyo ndivyo chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji mchana wa Moshi. Maji yale hayakuvuja kutoka ndani ya chupa. Hewa iliyoigusa imepoa, imezidiwa na mzigo, imeutua palepale kwenye kioo.

Sasa badala ya chupa weka gari. Banda la kawaida la mita sita kwa nne, lenye urefu wa mita mbili na nusu kwenda juu, lina mita za ujazo 60 za hewa. Tuseme ni siku ya manyunyu, mchana nyuzi 22 na unyevu asilimia 70, kisha usiku banda linashuka hadi nyuzi 12. Piga hesabu: hewa ya humo itatema zaidi ya nusu glasi ya maji usiku huo. Kesho yake hewa nyingine inaingia kupitia nyufa za mlango, na usiku inarudia. Hakuna mvua iliyopita kwenye paa, ila kila usiku ni kama mtu anaingia na kikombe na kulinyunyizia gari lako maji.

Saa mbaya zaidi mara nyingi ni asubuhi. Chuma kizito, kama bloku ya injini, ngoma za breki na chesisi (fremu ya chini inayobeba gari), kimepoa usiku kucha na kinachelewa kupata joto. Jua likishapasha hewa ya nje, ukifungua banda saa nne, hewa ile ya vuguvugu inakutana na injini ambayo bado ina baridi ya usiku. Ipitishe mkono chini ya boneti muda huo, uguse mfuniko wa vali, utaona vidole vinarudi na maji. Mabati nayo yanatoka jasho kwa upande wa ndani, na kama banda halina dari, matone yanadondokea gari moja kwa moja.

Na si lazima uone tone. Chuma kisicho na rangi kinaanza kushika kutu kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 hivi, hasa kikiwa na vumbi au matope, kwa sababu uchafu hushika maji kama sifongo. Ukungu wa kwenye siti unashamiri kuanzia asilimia 70. Vipo vipimo vidogo vya unyevu vinavyouzwa pamoja na saa za ukutani na vipimajoto. Tundika kimoja bandani wiki nzima kabla hujaamua lolote. Kikisoma 50, tulia. Kikikaa kwenye 80 kila asubuhi, soma makala hii mpaka mwisho.

Turubai na kahawa

Watu wa Kilimanjaro na Meru tayari wanalijua somo hili kupitia zao lao wenyewe. Angalia kahawa inavyokaushwa. Inamwagwa juu ya kichanja cha waya, kimeinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini. Mvua ikitishia, nailoni inatandazwa juu haraka. Mvua ikikatika, nailoni inaondolewa haraka vilevile, kwa sababu mkulima anajua kahawa mbichi ikifunikwa saa nyingi inapata joto, inavunda, na bei inaanguka. Na hakuna mkulima anayejaza gunia na kulifunga kabla kahawa haijakauka. Mkulima huyohuyo sasa, jioni, anavuta turubai la plastiki juu ya gari lililotoka kuoshwa, analifunga kamba pande zote, na analiacha hadi mwezi wa tisa.

Turubai la plastiki linazuia maji kuingia, ni kweli. Linazuia pia maji kutoka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, uliobaki kwenye kapeti, uliojificha kwenye matope ya chesisi, wote unapanda mchana na kukuta ukuta. Usiku unatua kwenye rangi. Turubai likigusa bodi, unyevu unakaa katikati yao kwa wiki nyingi, na rangi inavimba vijipele. Funika gari kwa kitu kinachopumua. Yapo makava ya kitambaa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kama huna, mashuka mawili ya pamba yaliyoshonwa pamoja yanafanya kazi vizuri ndani ya banda: yanazuia vumbi, yanadaka matone ya bati, na yanakauka.

Mimi nasema wazi kwamba heri paa lisilo na kuta, upepo unapita pande zote, kuliko banda lililozibwa vizuri lenye sakafu ya udongo. Wengi wanaona kinyume, kwa sababu banda lililozibwa linaonekana ni ulinzi. Dhidi ya wezi ni ulinzi kweli. Kwa unyevu, hapana, labda sakafu yake iwe kavu.

Sakafu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Udongo wetu ulioshiba masika unatoa mvuke mchana na usiku, hata ukiwa chini ya paa. Zege nalo, kama halikuwekewa nailoni chini wakati wa kumwaga, linapitisha. Kuna jaribio dogo la kujua. Chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa meza ndogo, kitandaze sakafuni, kizibe pembeni kwa gundi ya karatasi au mchanga, kiache mpaka kesho. Ukikuta maji upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Ukikuta maji upande wa juu, ni hewa yako inayotema. Kama ni ardhi, tandaza nailoni nzito au turubai chini ya gari lote, weka mbao au mikeka juu yake, ndipo uingize gari. Kuegesha juu ya majani ndiko kubaya kupita kote. Majani yanavuta maji kutoka udongoni na kuyapulizia chesisi.

"Mimi huwa naliwasha kila asubuhi dakika tano"

Hii ni imani ninayoisikia kila mahali, na inasemwa na watu wanaoyapenda magari yao kwa dhati, ndiyo maana naieleza kwa kirefu. Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inazalisha takriban lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Gari likitembea na kupata moto sawasawa, mvuke huo wote unatoka nje kupitia egzosi. Gari likiwashwa dakika tano na kuzimwa, egzosi haijapata moto wa kutosha, kwa hiyo mvuke unageuka maji ndani ya bomba na kwenye sailensa, na unabaki humo. Mwingine unapenya pembeni ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Ukitaka kuthibitisha, fungua kifuniko cha kumiminia oili kwenye gari linalowashwa hivyo wiki kadhaa za kipupwe. Geuza upande wa ndani. Mara nyingi utakuta utando wa rangi ya maziwa ya chai, mzito, unaoteleza kama mtindi. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji. Kuna anayeona hivyo akakimbilia kusema gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji ya kupozea injini yasiingie kwenye oili, imekufa, injini ikafunguliwa bure.

Kwa hiyo chagua moja kati ya mawili. Ama uliendeshe gari kila baada ya wiki mbili, nusu saa au zaidi, Arusha hadi Usa River na kurudi, au Moshi hadi Himo, mpaka injini, gia boksi na breki vyote vipate moto. Ama liache kabisa, betri umechomoa waya wa hasi. Njia ya katikati, ya kuliwasha na kulizima, ndiyo inayoua.

Land Rover nayo inaoza

Kwa kuwa mji wetu ni mji wa Land Rover, lazima niseme hili. Bodi yake ni ya aluminiamu, na hilo lina historia: gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, aluminiamu ikawa inapatikana kwa urahisi zaidi. Kutokana na hapo ikazaliwa imani kwamba Land Rover haishiki kutu. Chesisi yake lakini ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani, na ukuta unaobeba dashibodi nao ni chuma. Chesisi hiyo inaoza kuanzia ndani kwenda nje. Kwa nje unaona rangi nzuri, kwa ndani ni magamba. Na pale aluminiamu inapobanwa kwenye chuma pakiwa na unyevu, metali hizo mbili zinafanya kama betri ndogo na aluminiamu inageuka unga mweupe. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kiziwi, kama debe lililojaa pumba.

Hapo ndipo wengine wanapokimbilia kupiga lami au oili chafu chini ya gari. Lami ikipigwa juu ya chuma kikavu na kisafi inasaidia kwa muda. Ikipigwa juu ya kutu na matope, ambavyo ndivyo inavyofanyika mara nyingi ili gari liuzwe, inafunga unyevu ndani, kisha ikipasuka inaingiza mwingine. Oili chafu inafukuza maji kwa wiki chache, lakini ina asidi za injini, inalainisha bushi za mpira, inadaka vumbi, na inadondoka kwenye udongo ambao watoto wetu wanachezea. Siipendekezi. Grisi safi au nta ya kupuliza ndani ya boksi za chesisi, baada ya kuosha na kukausha, inafanya kazi ileile bila hasara hizo.

Kuhusu mkaa, mchele na chumvi ndani ya gari: mkaa wa kawaida unapunguza harufu zaidi kuliko unyevu, mchele unavuta kidogo mno kwa nafasi kubwa kama ya gari na unaita panya, na chumvi usiithubutu, kwa sababu ikishavuta maji inayatiririsha kwenye kapeti yakiwa maji ya chumvi. Vile vipakiti vya punje tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu, vya silika, vinafanya kazi kweli, ila vinatakiwa vya uzito wa nusu kilo au zaidi, na vioo viwe vimefungwa. Huwezi kuweka silika na kuacha vioo wazi. Utakuwa unajaribu kukausha Arusha nzima. Kwa mabanda yetu, mimi nachagua hewa: vioo vishushwe upana wa kidole, milango ya banda iwe na matundu juu na chini.

Kabla ya kulilaza

Chagua siku ya jua, mwezi wa pili mwishoni, kabla ya mawingu. Osha chini kabla ya kuosha juu. Matope mekundu yaliyojikusanya nyuma ya matairi na juu ya chesisi ndiyo adui, kwa hiyo muombe anayeosha aelekeze pampu huko mpaka maji yatoke masafi. Kisha tafuta vitundu vya kutolea maji kwenye kingo za chini za milango. Nilipofanya hivi kwenye gari langu nilichukua spoki ya baiskeli, nikaichomeka kwenye kitundu cha mlango wa nyuma, nikaizungusha. Ikatoka tonge ya majani yaliyooza, halafu maji meusi yakamiminika kama nusu kikombe. Mlango ule ulikuwa unatembea na maji hayo tumboni, sijui tangu lini. Angalia pia chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya kuingizia hewa. Maua ya mijakaranda yanapenda kujazana hapo.

Ndani, toa mikeka ya mpira yote. Inua kapeti na ubonyeze lile sponji la chini kwa kiganja. Likitoa ubaridi wa maji, litoe nje ulianike siku mbili. Usilikaushie ndani ya gari.

Badilisha oili ya injini kabla ya kulilaza, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na maji. Jaza tanki; kwenye tanki la chuma, sehemu iliyo tupu ndiyo inayoshika umande. Kulanti nzuri, yaani ile dawa ya kupozea injini, iwemo kwenye rejeta, si maji matupu. Hili ni moja ya mashauri ya Ulaya ambayo watu hulipuuza wakidhani kazi yake ni kuzuia kuganda tu, wakati ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu. Mafuta ya breki nayo yanavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo kama yamepita miaka miwili, yamwage uweke mapya. Hendibreki usiifunge; breki zitagandana na ngoma. Weka gia na ukinge matairi kwa mawe. Halafu liendeshe nusu saa likaushe yote uliyolowesha, na uliingize bandani likiwa limepoa.

Nilipita kwa yule mzee wa Peugeot mwezi wa tano mwaka huu, Ilboru, manyunyu yakiwa yanaendelea. Banda lake bado ni la udongo. Lile turubai lake la bluu lilikuwa limetandazwa chini, mbao juu yake, gari juu ya mbao, na juu ya gari mashuka mawili ya maua yaliyoshonwa katikati kwa mkono. Alinifungulia mlango wa dereva mwenyewe. Nikainama, nikanusa: vumbi, petroli, na siti za zamani.